Funga ya Ashura na Haki ya Mja

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu Waisilamu, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohamia Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura. Akawauliza sababu, wakamjibu kuwa ndiyo siku Mungu aliyomwokoa Nabii Musa na Firauni. Mtume akasema kuwa yeye ana haki zaidi kwa Musa kuliko wao. Akaifunga, akaamrisha ifungwe. Ilipofaradhishwa Ramadhani mwaka wa 2 wa Hijra, Ashura ikabaki sunna: mwezi 10 Mfunguo Nne, nasi hutanguliza mwezi 9 ili tusifanane nao. Fadhila yake ni kufutiwa dhambi za mwaka uliopita.

Mayahudi nao wana siku kuu ya toba, Yom Kippur, tarehe 10 ya mwezi wao wa Tishri. Hawali wala hawanywi kadiri ya saa 25. Hata jirani zetu wa Mbale, Uganda, walioishika dini hiyo pamoja na Semei Kakungulu mwaka 1919, huifunga. Na wanazuoni wao wa kale wamefundisha kuwa siku hiyo haifuti kosa baina ya mtu na mwenziwe mpaka amridhishe.

Usidhani, ewe ndugu, kuwa sisi tumeachiliwa jambo hilo. Imamu Nawawi ametaja masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutoirudia. Dhambi ikihusu haki ya mja, liko sharti la 4: kumrudishia mwenyewe haki yake.

Tupige mfano. Mtu wa pwani amepanda Ufipa, akafika Kizwite katika Sumbawanga, akachukua kwa mkulima mahindi gunia 10 kwa ahadi. Ameuza, amerejea kwao, wala hakulipa. Mfunguo Nne ukiandama hufunga tisa na kumi, akafuturu kwa tende, akajiona ametakata. Je, yule Mfipa amelipwa? Hasha! Njaa ya mwiwa haimshibishi mwia. Wala asiseme, “Kizwite ni mbali,” au, “Yule si wa dini yetu.” Dhulma ni haramu kwa kila mtu.

Basi na apeleke fedha kwanza. Mwenyewe akiwa amekufa, awalipe warithi; wasipopatikana baada ya kutafutwa, aitoe sadaka. Asiye nacho aombe muda, na aazimie kulipa. Kisha afunge.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe toba ya kweli. Amin.