Mtihani alifanya mpwa wangu, sasa naambiwa nikafundishe

*Shikamoo dada. Mimi ni mtunza stoo wa kampuni moja inayosambaza dawa na vifaa tiba hapa Morogoro. Nina miaka 47, na kazi hii nimeianza enzi za leja na kadi za kuandika kwa mkono. Mwaka jana tulipata meneja mpya wa rasilimali watu, akasema kila mfanyakazi lazima amalize kozi sita za mtandaoni. Kozi zenyewe ni video za Kiingereza, na mwishoni yanakuja maswali ya kuchagua. Unasoma nyumbani baada ya kazi, simu yako, bando lako. Tulisainishwa karatasi kwamba asiyemaliza atakatwa gharama za kozi kwenye mshahara.*

*Kila Ijumaa anarusha orodha kwenye grupu la WhatsApp. Waliomaliza wanawekewa kijani, ambao bado wanawekewa nyekundu. Nilikaa kwenye nyekundu mpaka vijana wa mauzo wakaanza kuniita Taa. Nikampa mtoto wa dada yangu, yupo chuo, namba yangu ya siri. Kozi zote sita alizimaliza usiku mmoja huku anaangalia mpira. Ile ya usimamizi wa stoo "nilipata" 94. Meneja akanipongeza mbele ya watu na cheti kikabandikwa mapokezi.*

*Sasa kampuni inaleta mfumo wa kompyuta wa kufuatilia stoki, na mimi ndiye niliyeteuliwa kwenda kuwafundisha watunza stoo wa Dodoma na Iringa. Zimebaki wiki tatu. Dada, mimi hata Excel naishika kwa kubahatisha. Mke wangu anasema ninyamaze, mpwa wangu anipige msasa. Rafiki yangu anashauri niugue siku hiyo. Usingizi sipati. Nikisema ukweli, si ndiyo nimejifukuzisha kazi?*

*Mtunza Stoo, Morogoro*

Marahaba, mdogo wangu.

La kuugua tuliondoe kwanza. Ukiugua wiki ya safari, safari itasogezwa mbele na wewe itabidi uugue tena, na mara hiyo watakuja kukuona na matunda mkononi. La kunyamaza nalo silikubali, ingawa mkeo amesema jambo lenye nusu ya maana na nitalirudia.

Ulichofanya ni udanganyifu. Ungekuwa unatunza stoo ya vitambaa, huenda ningekwambia ujifunze kimyakimya na mambo yaishe. Wewe unashika dawa. Mhudumu wa zahanati anapofungua katoni uliyoipeleka anaamini kwamba kuna mtu aliyeziangalia tarehe kabla yake, na mtu huyo ni wewe.

Hebu tazama kinachoweza kutokea huko Dodoma. Faili la stoki lina safu nne: jina la dawa, namba ya bechi, idadi, tarehe ya kuisha muda. Unataka kuona zinazoisha mapema ili zitoke mapema. Mkufunzi anayebahatisha anawaambia watu wachague safu ya tarehe peke yake, halafu wabofye pa kupanga. Kompyuta inafungua kidirisha na kuuliza kama ijumuishe na safu za jirani. Aliyezoea kuogopa Kiingereza atabofya chochote, mradi kidirisha kipotee. Akiangukia pale pa kuendelea na safu hiyo peke yake, tarehe zinajipanga vizuri, zinapendeza, ila majina na bechi yamebaki palepale yalipokuwa. Kuanzia dakika hiyo dawa ya kikohozi ya watoto imepewa tarehe ya glovu, na glovu zimepewa tarehe ya dripu. Hakuna king'ora kinacholia. Faili linahifadhiwa, watu wanakwenda kula.

Au chukua tarehe yenyewe. Wewe ukiandika 03/05 unakusudia Mei 3. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani inasoma Machi 5. Dawa nzima inaonekana imeharibika kabla ya siku yake. Geuza mfano, uandike 05/03, utaona kitu kibaya zaidi: dawa iliyokwisha Machi kompyuta inaihesabu kuwa nzima mpaka Mei.

Sasa nijibu hili. Ungepewa karatasi ya faili lile lililovurugika ukaambiwa utoe mzigo, ungeutoa? Nadhani ungesimama. Ungesema hizi glovu zimeingia juzi tu, zinaishaje muda mwezi ujao? Ungekwenda kwenye shelfu, ugeuze boksi, usome lebo. Mpwa wako, pamoja na 94 zake, asingeshtuka kwa sababu hajawahi kubeba hilo boksi. Kule kushtuka kwako ndicho kitu ambacho kampuni inakihitaji na haijui kwamba inacho. Kozi yenye maswali ya kuchagua haikipimi, na cheti cha mapokezi hakikitaji.

Nikisema hivyo sikuondolei kosa, ila lawama nyingine haiwezi kumkosa meneja wako. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford kilifungulia dunia nzima somo la akili mnemba mtandaoni, bure. Walijiandikisha watu wapatao 160,000, na waliofika mwisho hawakutimia 30,000. Na hao walijipeleka wenyewe, hakuna aliyewatishia mshahara wala kuwapaka rangi Ijumaa. Mwaka uliofuata zikazaliwa Coursera na edX, zikaleta masomo mazuri kwelikweli, nami najua watu waliojikomboa kwayo. Hata hivyo hadithi ya kumaliza haikubadilika sana: wanaoanza ni umati, wanaomaliza ni wachache. Kwa hiyo mtu wa miaka 47 anayetoka stoo na mgongo unauma, akaketi saa tatu usiku na kasimu kadogo kusikiliza Kiingereza cha haraka, akakwama, huyo hana tatizo la akili. Amepewa mafunzo yaliyokatwa miguu.

Miguu ninayoisema nchi hii inaijua. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza vipindi, lakini haikuachiwa kazi peke yake. Watu walikutana vikundi kwa vikundi wakiwa na kijitabu na kiongozi aliyeandaliwa, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakakubaliana cha kwenda kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Walioshiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili, wengi wao wakiwa ni watu ambao shule hawakuiona au waliionja tu. Hapakuwa na A, B, C wala D. Kiongozi alikuja kutazama shimo. Meneja wako amechukua redio, akaacha kikundi na akaacha shimo, halafu anashangaa watu wanatafuta wapwa.

Sasa tuingie kazini, maana wiki tatu si nyingi.

Leo hii badilisha hiyo namba ya siri. Kisha fungua ile kozi moja ya stoo, hizo tano nyingine ziache zipumzike, uanze upya kwa kichwa chako. Mifumo mingi ya namna hii inaruhusu kurudia mtihani. Wako ukikataa, soma masomo na ujibu maswali kwenye daftari. Hapa ndipo mkeo alipopatia. Mpwa wako akae karibu na wewe, ila mikono yake iwe mfukoni. Akutafsirie neno, akueleze swali, jibu litoke kwako. Ukipata 58, iandike 58.

Pia omba faili la stoki la zamani, nakala, si lile linalotumika, ulivuruge kwa makusudi. Panga safu moja peke yake uone linavyoharibika, kisha lirudishe. Andika tarehe kwa mitindo miwili uone kompyuta inavyozisoma. Fanya mara nyingi mpaka kile kidirisha kisikutishe tena. Usiseme utafanya nyumbani. Nenda kazini mapema uombe kompyuta ya ofisi kabla wenzako hawajaingia.

Baada ya siku chache za namna hiyo, usingoje wiki ya mwisho, nenda ukaseme. Usianzie kwa meneja wa rasilimali watu. Anzia kwa msimamizi wako wa ghala, anayekujua kwa kazi, na kama kazini kwenu kuna tawi la chama cha wafanyakazi, TUICO, ongea na kiongozi wa tawi kabla ya kuingia ofisini kwa mtu yeyote. Nakwambia hivyo kwa sababu swali lako la kufukuzwa si la mchezo. Kanuni za utendaji bora katika ajira, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007, zinautaja udanganyifu mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Kanuni hizohizo zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi kwamba uhusiano wa kazi hauvumiliki tena. Anayekuja mwenyewe, kabla ya madhara, na daftari la kujirekebisha mkononi, yuko mbali sana na anayefumwa Dodoma akiwa amesimama mbele ya watu na faili limevurugika. Siwezi kukuahidi kwamba hutapewa onyo. Onyo ningelipokea.

Maneno yasiwe mengi. Mwambie hivi: "Bosi, ile 94 si yangu, nilisaidiwa. Nimerudia mwenyewe, nimepata hii. Kompyuta naijua mpaka hapa, kuanzia hapa siijui. Stoo naijua. Naomba nisiende peke yangu." Kisha nyamaza umsikilize. Usianze kuwataja wengine waliofanya kama wewe. Najua wapo, na msimamizi wako naye anajua.

Ombi la kutokwenda peke yako lishikilie, kwa sababu ndilo litakalookoa hayo mafunzo. Dodoma na Iringa hakukosi kijana mwenye mkono mwepesi kwenye kompyuta. Yeye aendeshe mashine, wewe uendeshe stoo. Akiwaonyesha pa kubofya, wewe uwapeleke kwenye shelfu wakalinganishe kilichopo kwenye skrini na kilichopo kwenye boksi. Wape faili uliloliharibu wewe mwenyewe, waambie kuna dawa tano zenye tarehe zisizo zake, wazitafute. Watabishana. Waache wabishane, hata chai ikipoa. Nakuhakikishia wale wa Iringa watakumbuka zile dawa tano muda mrefu baada ya kuisahau video.

Na wewe meneja, kama gazeti hili linafika ofisini kwako, ile orodha ya rangi iondoe kwenye grupu. Haijamfundisha mtu stoo, imefundisha watu kutafuta kijani. Ukitaka kujua nani amejifunza, shuka ghalani ukamwombe akuonyeshe. Tenga saa mbili kwa wiki ndani ya muda wa kazi, washa intaneti ya ofisi, wakae watu watatu watatu kwenye kompyuta moja, na awepo mtu wa kuyaweka yale ya Kiingereza katika lugha wanayohesabia mali. Utasema hakuna muda. Muda wa kuhesabu upya stoki nzima baada ya faili kuvurugika utaupata wapi?

Nimalizie na ile karatasi mliyosainishwa, mdogo wangu, kwa sababu umeitaja kama kitu kidogo na mimi sioni udogo wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyotaka. Makato yawe yameruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja au amri ya mahakama, au mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi kuhusu deni. Swali ni kama gharama ya kozi uliyoamriwa kuisoma ni deni lako, na hilo linategemea karatasi inasema nini hasa. Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na saa za ziada zifanywe kwa makubaliano na zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Kama kozi ni lazima, mna haki ya kuuliza saa zake zinahesabiwa wapi. Usiulize peke yako, na usiulize siku ileile unayokwenda kukiri. Omba nakala ya karatasi, mkusanyane na wenzako kadhaa, mwonyesheni kiongozi wa tawi au afisa kazi wa mkoa. Fanyeni hivyo kabla mishahara ya mwezi haijaandaliwa, maana hela ikishakatwa, kuirudisha ni barua juu ya barua.