SOMO LA MWEZI: BARUA PEPE NA SAHIHI YAKE



Katika mkutano wetu wa Bugeshi wachumaji wa pareto waliuliza kwa nini barua ya kudai malimbikizo ya mshahara ilikaa wiki tatu bila jibu. Kosa lilikuwa langu. Niliituma kwa simu bila kichwa wala jina. Chini yake simu yenyewe iliweka maneno ya kuitangaza kampuni iliyoitengeneza. Nilipokwenda ofisini, karani aliniambia: "Hatukujua ni ya nani." Basi tujifunze pamoja.

1. Kichwa. Taja shauri lenyewe: "Malimbikizo ya mshahara wa Machi, wachumaji 14." Kichwa kisemacho "Habari" hakifunguliwi upesi.

2. Salamu na madai. Anza kwa heshima: "Ndugu Meneja" au "Ndugu Mkaguzi wa Kazi". Kisha eleza jambo moja tu: nini, lini, kiasi gani, na mnataka jibu kufikia siku gani. Usiandike yote kwa herufi kubwa. Msomaji huona anapigiwa kelele.

3. Sahihi. Mistari minne yatosha: jina kamili, kazi yako, chama na tawi, nambari ya simu. Iandike mara moja katika mipangilio ya barua pepe, nayo itajiweka kila utumapo. Yale maneno ya kampuni yafute, hatulipwi kuwatangazia. Lakini angalia: ukiweka cheo cha chama, umesema kwa niaba ya wanachama wote. Barua ya namna hiyo isomwe kwanza na kamati. Shauri lako binafsi litie sahihi kwa jina lako tu.

4. Nakala. Kabla ya kutuma, soma majina yote ya watakaoipata. Ukibonyeza "jibu wote", maneno yako yanamfikia kila aliyetajwa, pamoja na msimamizi. Mwenzetu aliyelalamika kwa siri aweza kufichuliwa kwa kidole kimoja, na barua iliyokwenda hairudi.

5. Kuhifadhi. Barua pepe hubeba tarehe na saa. Usiifute. Kwa Sheria ya Kazi ya Rwanda, Na. 66 ya 2018, mgogoro wa mfanyakazi huanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi. Ukishindikana huenda kwa mkaguzi wa kazi, ndipo mahakamani. Kila hatua mtaulizwa: mlidai lini, na nani alitia sahihi?

Barua yetu tuliiandika upya kwa njia hii. Safari hii ofisi ilijibu na kutupa siku ya kukutana. Fedha bado tunazidai, lakini sasa hakuna awezaye kusema hakutujua.

Kazi ya tawi: kila mjumbe aandike mistari yake minne, aisome mbele ya wenzake, wamsahihishe.

Umoja ni nguvu.