Dawa za Kupunguza Unene: Je, Mwislamu Aweza Kuzitumia?

Ndugu zetu wa Natta, wilayani Serengeti, wametuletea swali ambalo huenda likawashangaza baadhi ya wasomaji. Mama mmoja aliyeingia Uislamu karibuni ameambiwa na tabibu kwamba unene wake umekwisha kuwa maradhi, na kwamba ziko dawa za kuupunguza. Jirani yake akamwambia: mwili ni neema ya Mungu, nani aitupe neema? Mwingine, naye ni Mwislamu, akasema: mwenye imani hufunga saumu, hana haja ya dawa. Basi wauliza, ni yupi aliye katika haki?

Twajibu kwamba hakuna hata mmoja.

Huyo wa kwanza asema walivyosema wazee, na wazee walikuwa na sababu. Katika nchi ya ukame na njaa, mnene alikuwa mtu aliyeshiba. Lakini mzee huyo alitembea nyuma ya ng'ombe wake kutwa nzima, akala ugali wa mtama na ulezi. Mjukuu wake hupanda pikipiki, hula sembe nyeupe na kuteremshia soda. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa wamezidi uzito. Matabibu huchukua kilo za mtu na kuzigawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 90 na urefu wa mita 1.6 hupata 35. Na ikifika 30 huo ni unene wa maradhi, ambao huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Huyo wa pili amekosea zaidi, maana amesema kwa jina la dini. Saumu ni ibada, na Kurani Tukufu yenyewe (2:185) yampa mgonjwa ruhusa ya kuiahirisha. Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa pasipo kuuteremshia dawa. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alisumbuliwa na kisukari na kizunguzungu, naye alitumia dawa. Na Khalifa wake wa kwanza, Maulana Nuruddin r.a., alikuwa tabibu wa Maharaja wa Kashmir. Amwambiaye mgonjwa kwamba dawa ni upungufu wa imani amemtwika mzigo ambao Mungu hakumtwika.

Hata hivyo si kila kiitwacho dawa ni dawa. Fenfluramine iliondolewa sokoni mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo, na sibutramine ikaondolewa katika nchi nyingi mwaka 2010 kwa hatari ya moyo na kiharusi. Hii ya pili ingali ikikutwa kwa siri ndani ya chai na vidonge vinavyouzwa kuwa ni mitishamba tu. Anunuaye vitu hivyo mnadani ajue anachokimeza.

Dawa inayosemwa sana leo ni semaglutide, sindano ya mara moja kwa wiki. Marekani iliikubali kwa kisukari mwaka 2017 na kwa unene mwaka 2021. Tulapo, utumbo hupeleka katika damu homoni inayoiarifu akili kwamba tumeshiba. Sindano hii huiga homoni hiyo, tumbo likachelewa kumwaga chakula na hamu ikapungua. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2021, watu walioitumia kwa wiki 68 pamoja na kurekebisha chakula na mwendo walipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao. Lakini walioiacha walirudiwa, katika mwaka mmoja, na theluthi mbili za uzito walioupoteza. Kwa hiyo atakayeianza aulize kwanza kama ataweza kuilipia muda mrefu, maana bei yake ni kubwa. Huleta kichefuchefu na kutapika, na mjamzito haifai kabisa.

Wengine wameuliza juu ya mate ya mjusi. Habari hiyo si ya uongo: exenatide, ndugu yake mkubwa, iliyokubaliwa mwaka 2005, iligunduliwa kutokana na mate ya mjusi mwenye sumu wa Marekani, ila yenyewe hutengenezwa maabara. Semaglutide hutengenezwa kwa hamira. Lakini dawa ya vidonge iitwayo orlistat huwa ndani ya ganda la jelatini, na hapo ni haki ya Mwislamu kumwuliza mfamasia jelatini hiyo imetoka kwa mnyama gani.

Na yule asiye mgonjwa, atakaye wembamba wa harusi? Mwaka 2022 na 2023 sindano hizi zilipungua katika nchi nyingi hata wenye kisukari wakazikosa. Kuchukua dawa ya mgonjwa kwa ajili ya pambo ni katika israfu ambayo Kurani (7:32) imeikataza pale pale inapotuamuru kula na kunywa.

Ama Ramadhani, sindano ya wiki yaweza kupigwa usiku. Lakini mama yetu wa Natta, akiwa angali anatapika kwa sababu ya dawa, ni mgonjwa: asifunge, atalipa siku hizo akipata nafuu, na tabibu akimwambia kwamba hali yake haitamruhusu kulipa, atatoa fidia ya kumlisha maskini, kila siku kwa siku yake.