Mchezo wa Maharagwe na Kutu ya Ngano

Uteuzi asilia waweza kufundishwa kwa maharagwe. Mwalimu aweke mezani mekundu 18 na meupe 2, yawe vimelea vya kutu ya shina. Kila mzunguko, ngano sugu huua nusu ya mekundu. Kisha kila haragwe lililosalia huongezewa jingine la rangi yake. Baada ya mizunguko 4, mekundu ni 18, meupe 32. Je, lipo lililobadilika rangi? La, meupe yalikuwapo tangu mwanzo.

Ndivyo kutu ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ilivyoishinda jeni ya kinga Sr31, tegemeo la ngano nyingi duniani. Tangu 2005, ngano za mataifa mbalimbali hupimwa Njoro, karibu na Nakuru. Kinga moja pekee haitoshi.