Dondoo muhimu: Video moja, watazamaji wengi

Kilema, Kilimanjaro, hakuna anayechimba mfongo (mfereji wa maji) wake peke yake kutoka mlimani. Maji huja pamoja, yakagawanywa njia zinapoachana. Katika multicast, yaani kutuma kwa kundi zima kwa mara moja, ruta nazo hubeba nakala moja ya video na kuizidisha penye matawi tu.

Ukirusha misa ndani ya mtandao wa parokia, chagua anwani ya multicast inayoanza na 239. Swichi isikilize maombi ya IGMP (ya kujiunga na kundi), la sivyo itamwagia video hata asiyeiomba. Kati ya ruta, washa PIM, itifaki inayopeleka video kwenye matawi yenye watazamaji. Kosa linalosumbua wengi ni TTL, kikomo cha pakiti kuvuka ruta: ikiachwa 1, pakiti hufia kwenye ruta ya kwanza. Wi-Fi hulemewa upesi, hivyo tumia waya.

Ndugu walioko Dar watumie YouTube. Intaneti ya kawaida haipitishi anwani hizi.