SOMO LA UFUNDI: KUHAMISHA SEVA BILA KUSIMAMISHA KAZI



Siku hizi orodha ya mishahara, michango ya chama na akiba za wanachama hutunzwa katika kompyuta iitwayo seva. Mara nyingi hiyo ni seva pepe, yaani sehemu ya mashine kubwa iliyogawanywa kwa programu, na kila sehemu hufanya kazi kama mashine kamili. Seva hujulikana kwa anwani ya IP, ambayo ni tarakimu tu, kwa mfano 192.0.2.10.

Hutokea anwani hiyo ikabidi ibadilishwe, hasa ofisi inapohamia kampuni nyingine ya intaneti. Wakubwa husema: "Zima Ijumaa jioni, washa Jumatatu." Lakini Ijumaa hiyo ikiwa mwisho wa mwezi, mama aliyekuja kuchukua mkopo wa ada ya shule atarudi mikono mitupu, na lawama zitamwangukia fundi wa zamu. Somo letu ni kwamba kazi hii yaweza kufanywa bila kuzima, mradi anwani ya zamani na mpya ziishi pamoja kwa muda. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

JINA NA ANWANI

Watu hawakariri tarakimu, huandika jina. Kinachogeuza jina kuwa anwani ni DNS, kitabu cha majina cha intaneti, kilichobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kompyuta ikishauliza, hulihifadhi jibu kwa muda uliopangwa na mwenye jina, nao huhesabiwa kwa sekunde. Ukiwa 86400, ni saa 24. Basi ukibadilisha anwani leo asubuhi, wako watakaoendelea kubisha mlango wa zamani hadi kesho asubuhi. Hapo ndipo wengi hukosea: hudhani kuandika anwani mpya kitabuni ndiko kumaliza kazi.

HATUA ZA KAZI

1. Tafuta kila mahali ilipoandikwa anwani ya zamani: katika programu, katika faiawoli inayolinda mlango, na kwa watu wa nje. Benki nyingi hupokea maagizo ya malipo kutoka anwani wanazozijua tu. Wasipoarifiwa mapema, mishahara itakataliwa hata kama seva ni nzima.

2. Siku mbili kabla, punguza muda wa kuhifadhi jibu kutoka 86400 hadi 300, yaani dakika 5. Kisha ngoja saa 24 zote zipite, ili majibu yaliyohifadhiwa kwa muda mrefu yaishe.

3. Ipe seva anwani ya pili, tuseme 198.51.100.10, bila kuondoa ya kwanza. Hakikisha ombi lililoingia kwa anwani mpya linajibiwa kupitia njia ya anwani hiyo hiyo. Likitokea njia nyingine, huenda likazuiwa. Jaribu kila huduma kwa anwani mpya kabla ya kumwambia mtu yeyote aitumie.

4. Badilisha kitabu cha majina. Kama seva hutuma barua-pepe, ongeza anwani mpya kwenye orodha ya SPF na urekebishe rekodi inayotoka anwani kwenda jina, barua zisije zikatupwa kama taka. Mambo yakiharibika, rudisha anwani ya zamani kitabuni; baada ya dakika chache wengi watakuwa wamerudi.

5. Tazama daftari la seva kila siku. Wakionekana wanaobisha mlango wa zamani, watafute na uwaeleze. Wakiisha, ondoa anwani ya zamani na urudishe muda wa 86400.

Kama seva yenyewe inahamia mashine nyingine, liko jambo moja zaidi. Akiba za wanachama ziandikwe mahali pamoja tu. Mashine ya zamani ipokee maombi na kuyapeleka kwa mpya, isiandike kitu. Vitabu viwili vikiandikwa kwa wakati mmoja, fedha za mwanachama zitaonekana kwenye kimoja na kukosekana kwenye kingine.

MFANO WA KUJIFUNZA

Juu kabisa ya kitabu cha majina ziko seva za mzizi, zenye majina 13, kuanzia A hadi M. Seva B, inayoendeshwa na taasisi ya Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, ilibadilisha anwani tarehe 27 Novemba 2023. Waendeshaji waliahidi kwamba anwani ya zamani itaendelea kujibu kwa mwaka mmoja angalau. Walikuwa na sababu: seva J ilibadilisha anwani Novemba 2002, na miaka 13 baadaye anwani yake ya zamani ilikuwa bado inapokea maswali.

WAJIBU NA HAKI

Fundi ana wajibu wa kuandika mpango wake, pamoja na njia ya kurudi nyuma, na kuuonyesha kabla ya kuanza. Naye ana haki ya kupewa siku za kutosha, mwenzake wa kusaidiana naye, na malipo ya saa za ziada akifanya kazi usiku. Kazi hii isipangwe juma la mishahara. Mwajiri anayetaka yote yaishe usiku mmoja hapunguzi gharama. Anaihamishia kwa wafanyakazi wanaosubiri dirishani.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Kwa nini muda wa kuhifadhi jibu hupunguzwa kabla ya siku ya kuhama, si siku yenyewe?
2. Ni nani nje ya ofisi yenu anayeijua seva yenu kwa anwani, si kwa jina?
3. Katika ofisi yenu, nani huamua siku ya kuhamisha, na je, fundi huulizwa?