KABLA HUJANUNUA RAUTA YA DUKA, ANGALIA MATUNDU YAKE

Wiki hii kuna watu wameniuliza rauta gani ya kununua kwa ajili ya kupostia bidhaa. Ngoja niwaambie jinsi nilivyopigwa mimi, tena kwa kukurupuka kwangu.

Niliona rauta used mtandaoni, safi, imeandikwa VDSL2, mpaka Mbps 100. Bei 40,000. Nikaona nimeokota. Mzigo ukaja kwa basi mpaka hapa Mlangali, nawasha, taa zote zinawaka, waifai inaonekana, intaneti hamna. Nikaigeuza huku na huku natafuta pa kuchomeka laini. Hamna! Na siku hiyo masweta mapya yalikuwa yamefika, wateja wanasubiri picha. Wawili wakanunua kwingine.

VDSL ni intaneti inayopita kwenye waya wa shaba wa simu ya mezani. Tundu lake ni dogo, huwa limeandikwa DSL. Duka langu halina huo waya. Na hata ukiwa nao, lazima uwe karibu na boksi la kampuni, maana ukifika kama kilomita moja ile kasi imeshashuka sana. Mia moja ya kwenye boksi usiitegemee.

Walioko Njombe au Makambako mjini wenye waya au faiba, kwenu swali ni tofauti. Kifaa cha kampuni kinaleta intaneti na pia kinaigawa. Ukiongeza rauta yako juu yake, zinakuwa mbili zinagawa, na vitu kama kamera ya duka vinaanza kusumbua. Hapo ndipo cha kampuni unakiweka "Bridge", kiwe daraja tu, kazi ya kugawa ifanywe na rauta yako. Ila usiguse hiyo menyu kabla hujaiuliza kampuni jina la mtumiaji na nywila ya kuunganisha. Mara nyingi rauta yako ndiyo itakayoyahitaji, na ukiyakosa umezima duka.

Sisi wa milimani tunategemea mnara. Tafuta rauta yenye tundu la laini, isiyofungwa kwa mtandao mmoja, na yenye sehemu ya kufunga antena ya nje. Muulize muuzaji inashika masafa gani. 4G ya Tanzania ipo kwenye masafa kama 800 na 1800. Hiyo 800 inafika mbali zaidi na inapenya ukuta vizuri, kwa hiyo rauta isiyoishika iache, hata kama inang'aa. Angalia na chaja. Ikiwa ya volti 12 unaweza kuiendesha kwa betri umeme ukikatika, na huku unakatika.

Kabla ya yote azima laini za mitandao tofauti, kaa ndani ya duka, pandisha video ileile mchana na tena saa mbili usiku. Sisi tunapandisha zaidi ya kushusha, kwa hiyo kasi ya kupandisha ndiyo ya kuangalia.

Ile ya 40,000 sikuitupa. Niliibadilisha anwani kutoka 192.168.1.1 kwenda 192.168.1.2 isigongane na rauta mpya, nikazima DHCP yake, nikaziunganisha kwa kebo, LAN kwa LAN. Sasa inasambaza waifai stoo, ninakopigia picha.